Umetandaza vibanzi vya miti, udongo chini bado mkavu: nini kimekwenda kombo?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina bustani ndogo yenye matuta manne ya mboga, kila moja lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, pamoja na miti mitano ya matunda ambayo bado michanga. Maji yangu ni ya kubana sana. Nilipewa shehena ya vibanzi vya miti, matawi na majani yamesagwa pamoja, nikavitandaza juu ya matuta yote kwa unene wa sentimita 8 hivi. Kisha nikaendelea kumwagilia kama kawaida, keni mbili za lita 10 kwa kila tuta kila jioni. Baada ya wiki tatu nyanya zikaanza kulegea. Nilipofukua nikakuta vibanzi vina unyevu lakini udongo chini yake umekauka kabisa. Jirani ananiambia vibanzi vinanyonya maji na rutuba, niviondoe. Ni kweli? Na kama nikiviacha, nitaokoa maji kiasi gani hasa?

Jibu: Usiviondoe. Ulichokifukua kinaonyesha kwamba maji yako ya kila jioni yanaishia njiani kabla hayajafika ardhini, na hilo linarekebishika ndani ya siku moja. Matandazo ya aina yoyote hayaleti maji bustanini. Yanalinda maji yaliyokwisha kuingia kwenye udongo. Ukitandaza juu ya udongo mkavu, unachokilinda ni ukavu huo. Na ukitandaza halafu ukaendelea na ratiba ileile ya zamani, hakuna ulichookoa, kwa sababu akiba ya maji hupatikana pale unapobadilisha namna ya kumwagilia.

Tufanye hesabu ya tuta moja. Keni mbili ni lita 20, tuta lina mita 5 za mraba, kwa hiyo kila mita ya mraba inapata lita 4. Lita 1 juu ya mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 1, maana yake kila jioni unalinyeshea tuta milimita 4, manyunyu tu. Sasa angalia yanapita wapi. Tabaka la sentimita 8 ni lita 80 za vibanzi kwa kila mita ya mraba, ambazo zikiwa kavu zina uzito wa kilo 15 hivi, zaidi au pungufu kutegemea aina ya mti. Mbao hunywa maji ndani ya nyuzi zake mpaka kufikia karibu asilimia 30 ya uzito wake mkavu. Mbao iliyokaa juani huwa tayari na asilimia 10 hadi 15. Nafasi inayobaki inatosha kumeza lita 2 hadi 3, na hapo sijahesabu maji yanayonata juu ya kila kipande na kwenye majani yaliyosagwa pamoja navyo. Katika lita 4 ulizomwaga, kinachosalia kwa ajili ya mizizi ni kidogo mno. Kesho yake jua na upepo vinakausha vibanzi tena, jioni vina kiu ileile, na maji mapya yanaanza kwa kuvishibisha vyenyewe.

Kwa hiyo jirani yako kuhusu maji amesema nusu ya ukweli. Vibanzi vinakunywa, lakini vina kiwango chake, na kiwango hicho ni kama ushuru unaolipwa kila unapopita getini bila kujali ukubwa wa mzigo. Ukipita na lita 4, unatozwa 2 au 3. Ukipita na lita 14 kwa mkupuo mmoja, unatozwa zilezile 2 au 3 na zaidi ya 11 zinaingia ardhini. Ukimwagilia mara saba kwa wiki unalipa mara saba, ukimwagilia mara mbili unalipa mara mbili. Hapo ndipo ilipo siri yote ya vibanzi na maji, na ndipo watu wengi wanapokwama kisha wakayalaumu matandazo.

Hebu tuitazame wiki nzima. Sasa hivi kila tuta linatumia lita 140 kwa wiki, sawa na lita 28 kwa mita ya mraba. Vibanzi vikichukua wastani wa lita 2 na nusu kila jioni, udongo unaambulia lita 10 na kidogo. Ungemwaga lita 50 kwa tuta mara mbili tu kwa wiki, jumla ingekuwa lita 100, na udongo ungepata lita 15 kwa kila mita ya mraba. Umetumia maji pungufu kwa lita 40 na mizizi imepata zaidi. Kwa matuta manne hizo ni lita 160 kila wiki, na bado hatujagusa faida yenyewe ya matandazo, ambayo ni kupunguza maji yanayopaa kutoka kwenye udongo.

Faida hiyo inafaa uielewe vizuri, maana ndiyo itakayokuongoza lini umwagilie. Fuata maji yanavyokwenda kwenye udongo ulio wazi. Mwanzoni, uso ukiwa bado umelowa, kasi ya upotevu inaamuliwa na jua, joto na upepo, na maji yanapaa karibu sawa na maji yaliyo wazi. Hali hiyo hudumu siku moja mpaka siku chache. Baadaye uso unakauka, na lile tabaka jembamba lililokauka linageuka kizuizi. Maji ya chini hayawezi tena kupanda haraka, upotevu unashuka wenyewe. Sasa fikiria mtu anayemwagilia kidogo kidogo kila siku juu ya udongo wazi. Kila siku anaulowesha tena ule uso, kila siku anaurudisha mwanzo, pale ambapo hewa inachukua itakavyo. Hakuna namna ya kumwagilia inayopoteza maji kwa haraka kuliko hiyo.

Vibanzi vinaingilia hatua hiyo ya mwanzo. Vinazuia jua lisiupige udongo, vinauvunja upepo, na katikati yake hewa inabaki tulivu na yenye unyevu, hivyo maji hayana haraka ya kutoka. Udongo mtupu kwenye jua kali unaweza kupita nyuzijoto 50 kwenye uso wake. Chini ya vibanzi joto linashuka sana, na mizizi midogo inayoishi kwenye sentimita chache za juu, ambayo kwenye udongo wazi ingeungua, inapata nafasi ya kula na kunywa. Kwa nyanya hili lina maana kubwa, kwa kuwa udongo usioyumba kati ya mkavu kabisa na uliolowa chepechepe hupunguza matunda kupasuka na ule ugonjwa wa kitako cha tunda kuwa cheusi.

Jambo moja husahaulika. Kama huna maji kabisa kwa wiki nyingi mfululizo, tofauti kati ya udongo uliotandazwa na ulio wazi inazidi kupungua, kwa sababu ule wazi umekwisha jitengenezea tabaka lake kavu la juu na mimea kwenye matuta yote mawili inaendelea kunywa kutoka chini. Matandazo yanarefusha siku kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Hayawezi kuchukua nafasi ya umwagiliaji wenyewe.

Sasa swali lako la kiasi gani. Mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa mwaka 1998 wa kukokotoa mahitaji ya maji ya mimea una kanuni rahisi: kwa kila asilimia 10 ya uso wa udongo iliyofunikwa na matandazo yanayotokana na mimea, punguza makadirio ya maji yanayopaa kutoka kwenye udongo kwa asilimia 5 hivi. Ukifunika uso wote, upotevu huo unashuka kwa karibu nusu. Lakini angalia, ni nusu ya maji yanayopaa kutoka kwenye udongo tu. Maji yanayopitia kwenye majani ya mmea wenyewe hayazuiwi na vibanzi, na wala hungependa yazuiwe, maana mmea usiotoa maji kwenye majani haukui.

Kwa hiyo jibu linabadilika kadiri mimea inavyokua. Miche ikiwa midogo na sehemu kubwa ya tuta iko wazi, karibu maji yote yanayopotea yanatoka kwenye udongo. Tuseme ni lita 8 katika kila 10. Matandazo yakiokoa nusu ya hizo, umeokoa lita 4 katika 10, na hiyo ni akiba kubwa. Nyanya zikishakomaa na majani yake yakafunika tuta zima, pengine ni lita 1 au 2 tu katika 10 zinazotoka udongoni, na akiba inashuka hadi nusu lita au lita 1. Mtu akikuahidi asilimia moja isiyobadilika, muulize inahusu mmea wa umri gani. Kwako wewe faida kubwa itakuwa kwenye miche mipya, kwenye miti michanga, na kwenye mboga zinazopandwa kwa nafasi pana.

Ukitaka kurekebisha, anza na tuta moja. Sogeza vibanzi pembeni kwa reki mpaka udongo uonekane. Mwagilia udongo wenyewe, polepole, lita 25 kwa kila mita ya mraba, yaani lita 125 kwa tuta zima. Usizimwage zote kwa mara moja, hasa kwenye udongo uliokauka sana. Mwaga sehemu, subiri zinywe, rudia. Kiasi hicho kwenye udongo wa kichanga kinashuka karibu sentimita 30, kwenye tifutifu sentimita 15 hadi 20, kwenye mfinyanzi 10 hadi 12. Najua lita 125 zinauma kwa mtu mwenye maji ya kubana, lakini hilo ni deni la wiki tatu unalolipa mara moja. Kama maji hayatoshi matuta yote, fanya tuta moja kwa siku. Nusu ya kipimo kwa matuta mawili haitafika kwenye mizizi ya tuta lolote.

Kesho yake asubuhi chimba shimo dogo katikati ya tuta kwa mkono au kwa kijiko cha bustani. Chukua udongo wa kina cha kidole kirefu, uufinye. Ukishikamana na kuacha unyevu kwenye ngozi bila kuchuruzika maji, uko sawa, rudisha vibanzi. Ukisambaratika na kuwa unga, maji hayajafika na unahitaji kuongeza. Hiki ndicho kipimo utakachokitumia kuanzia sasa badala ya kalenda. Kila unapofikiria kumwagilia, sukuma vibanzi mahali pamoja, penyeza kidole mpaka kiungo cha pili, na umwagilie tu kama pale chini pameanza kukauka. Usihukumu kwa kutazama vibanzi vya juu. Vya juu vitakuwa vikavu na vyeupe karibu muda wote, na hiyo ni dalili njema, kwa sababu tabaka la juu likikauka upesi ndipo linapolikinga la chini.

Usihukumu pia kwa majani yaliyolegea saa saba mchana. Nyanya na maboga hulegea kwenye jua kali hata udongo ukiwa na maji ya kutosha, kwa kuwa majani yanatoa maji haraka kuliko mizizi inavyoyaleta. Tazama alfajiri. Mmea uliolegea alfajiri una kiu ya kweli.

Baada ya ule umwagiliaji wa kwanza, mwaga lita 50 hadi 60 kwa tuta kila kidole kinapokuambia. Joto likizidi na mimea ikawa mikubwa, 50 hazitatosha. Ongeza ujazo wa kila mara kabla hujaongeza idadi ya siku. Mwagilia karibu na mashina, na kama unaweza pasua njia nyembamba ndani ya vibanzi kandokando ya mstari wa mimea, umimine maji humo, kisha uifunike. Ukiwa na mipira ya matone, ipitishe chini ya vibanzi, juu ya udongo. Hapo ule ushuru wa mbao unakaribia kwisha. Ila uwe unafunua mara kwa mara kukagua matundu yaliyoziba, maana mpira uliofichwa ukiziba hutajua mpaka mmea ukuambie.

Unene nao upunguze kwenye matuta ya mboga. Sentimita 5 zinatosha hapo, kwa kuwa mboga zina mizizi ya juu juu na unataka maji yapite kwa wepesi. Kwa kuondoa sentimita 3 kwenye mita 20 za mraba utapata lita 600 za vibanzi, na hizo peleka kwenye miti. Chini ya miti tabaka la sentimita 8 hadi 10 linafaa, mradi vibanzi ni vikubwa vya kuachia hewa. Vikiwa vidogo sana au vimechanganyika na vumbi la mbao, tabaka nene linashikamana na kuzuia maji na hewa. Vumbi la mbao peke yake silipendekezi kama matandazo. Maranda ya seremala ni afadhali kidogo, ila yanapeperushwa na upepo.

Kwenye miti, toa kwanza nyasi zote kuzunguka shina. Nyasi ndizo zinazoushinda mti mchanga kwa maji, na ukiziacha chini ya vibanzi zitapenya. Tengeneza duara lenye kipenyo cha mita 1 na nusu, eneo la karibu mita 1.8 za mraba. Umwagiliaji wa kushiba kwa duara hilo ni lita 45. Tandaza, lakini acha nafasi wazi ya sentimita 10 hadi 15 kuzunguka shina. Hili nalisisitiza kuliko yote yanayohusu miti, kwa sababu kosa la kurundika vibanzi kulizingira shina linaonekana kila mahali na madhara yake hujitokeza miaka kadhaa baadaye, wakati mtu ameshasahau chanzo. Gome la shina limeumbwa kukaa hewani. Likifunikwa na kitu chenye unyevu daima, linalainika, kuvu vinaingia, panya wanapata maficho ya kulitafuna, na mti unaweza kuotesha mizizi ndani ya rundo lile ambayo baadaye inalizunguka shina na kulibana. Tabaka liwe nene pembeni na lishuke kuelekea shinani.

Nakuja kwenye rutuba. Hapa pia jirani amesikia jambo la kweli akalipeleka mbali. Mbao ina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana, kwa baadhi ya miti mamia ya sehemu za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Bakteria na kuvu wanaoiozesha wanahitaji naitrojeni kujenga miili yao, na wasipoipata ndani ya mbao wanaichukua kwenye udongo unaogusana nayo. Ukivichanganya vibanzi ndani ya udongo kwa jembe, kila kipande kinazungukwa na udongo pande zote na mimea itadhoofika na kuwa ya manjano, wakati mwingine kwa msimu mzima au zaidi. Ukiviacha juu, mahali pa kugusana ni ule uso tu, na upungufu unabaki kwenye tabaka jembamba la juu kabisa. Mti na nyanya iliyoshika mizizi hula chini ya hapo. Miche midogo na mboga za majani zenye mizizi mifupi zinaweza kuuhisi kidogo. Ukiona majani ya chini, yale ya zamani, yanageuka manjano sawasawa, sogeza vibanzi, weka samadi iliyoiva au mboji kuzunguka mmea, mwagilia, kisha rudisha. Mimi ningeweka mboji kidogo kabla ya kutandaza kwenye matuta yote ya mboga bila kusubiri dalili.

Kwa hiyo kanuni ni moja: vibanzi vikae juu, jembe lisivizike. Unapopanda miche mipya, sogeza vibanzi, panda kwenye udongo, rudisha. Mbegu ndogo usizipande chini ya vibanzi, hazitapenya. Acha mstari wazi wa upana wa kiganja, na miche ikifika urefu wa sentimita 10 hivi ndipo uvisogeze karibu.

Umesema matawi na majani yamesagwa pamoja, na hiyo ni bahati. Matawi membamba yana virutubisho vingi kuliko mbao ya shina, kwa sababu yana gome jingi na vichipukizi kwa kulinganisha na mbao ya ndani. Gilles Lemieux wa Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, nchini Kanada, na wenzake walijikita kwenye matawi yenye kipenyo kisichozidi sentimita 7 kwa ajili ya kurudisha rutuba ya udongo. Kama kwenye shehena yako unaweza kutenga vilivyotokana na matawi hayo, vipe matuta ya mboga, na vile vya shina nene vipeleke kwenye miti na njia.

Kuna mambo ya kuchunga. Usipokee vibanzi vya mbao zilizopakwa rangi au zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Dawa moja iliyotumika sana ilikuwa na shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki haina nafasi karibu na chakula. Vikinuka siki au mkojo mkali, vimeozea kwenye rundo lisilo na hewa na vina asidi inayoweza kuunguza majani ndani ya siku moja. Vitandaze mahali wazi, vigeuze, vipigwe na hewa siku kadhaa mpaka harufu iishe. Vibanzi vya mkaratusi au vya mti wenye utomvu mkali viache nje miezi miwili mitatu vikinyeshewa kabla ya kuvipeleka kwenye mboga. Miti mikubwa haisumbuliwi navyo.

Mchwa watakuja kama wako eneo hilo, na kwa kawaida hula mbao iliyokufa, lakini kwenye msimu mkavu wanaweza kugeukia miche. Ukiona njia zao za udongo, vunja tabaka kwa reki na ulipunguze mahali hapo. Vibanzi vyote vikae angalau sentimita 30 kutoka ukuta wa nyumba, kwa sababu ya mchwa na pia kwa sababu vikavu vinashika moto.

Ukiona nyuzi nyeupe kati ya vibanzi, au ute wa manjano uliotuna juu yake baada ya mvua, usishtuke, wala usipige dawa. Nyuzi hizo ni za kuvu wanaoozesha mbao, na hawagusi mimea hai. Shida yake ni moja nayo inahusu maji: zikikauka sana zinashikanisha vibanzi kuwa mkeka usiolowa, na maji unayomwaga yanateleza pembeni. Mwaga kikombe kimoja mahali pamoja utazame. Maji yakisimama au yakikimbia badala ya kuzama, pitisha reki, uvunje mkeka, umwagilie tena. Kufanya hivyo mara moja kila miezi michache kunatosha.

Kama udongo wako ni mfinyanzi mzito unaotuama maji, msimu wa mvua nyingi sogeza vibanzi kando ya mimea inayochukia mizizi kulowa, kwani kile kinachokuokoa kiangazi kinaweza kuozesha mizizi wakati huo. Na kama maji yako yana chumvi, hiyo ni sababu ya ziada ya kutandaza: maji yanapopaa kutoka kwenye udongo wazi yanaiacha chumvi juu, na kadiri yanavyopaa kidogo ndivyo inavyojikusanya kidogo. Ila umwagiliaji mkubwa wa mara chache ni wa lazima zaidi hapo ili chumvi isukumwe chini.

Tabaka litapungua kimo miezi ya mwanzo kwa kujishindilia, halafu polepole kwa kuoza. Usiongeze kwa mazoea. Pima kwanza, na ongeza tu pale lilipobaki chini ya sentimita 3 kwenye mboga au 5 kwenye miti. Ukifukua baada ya mwaka utaona tabaka tatu: juu vibanzi vya kijivu, vigumu, vikavu, katikati vya kahawia iliyoiva, vinavyovunjika kwa vidole, chini kabisa kitu cheusi ambacho huwezi tena kusema ni mbao au ni udongo, na ndani yake nyungunyungu. Tabaka hilo jeusi ndilo linaloufanya udongo uanze kupokea maji kwa haraka na kuyashika, na faida yake hubaki hata vibanzi vya juu vikiisha.

Vitakavyosalia baada ya matuta na miti vimwage kwenye njia kati ya matuta, unene wa sentimita 10. Njia zilizo wazi nazo zinapoteza maji, maana mizizi ya nyanya huenda mpaka chini yake. Huko unaweza kuvikanyaga bila wasiwasi wa rutuba, na baada ya mwaka mmoja au miwili vikishakuwa laini vikusanye uvipandishe kwenye matuta, kisha njia uzijaze vipya. Kama bado kuna rundo, lisizidi kimo cha mita 1 na nusu na lisikae chini ya mti wala karibu na ukuta. Rundo kubwa la vibanzi vibichi linapata joto la kufikia nyuzi 60 ndani yake, na katikati yake ndipo ile harufu ya siki huanzia. Ligeuze kila baada ya wiki mbili mpaka lipoe.